Kuchoka kabla filamu haijaanza

Mwaka 2015 viongozi wawili wa Netflix, Carlos Gomez-Uribe na Neil Hunt, walichapisha makala ya kitaalamu wakieleza jinsi kampuni yao inavyowapendekezea wateja filamu na tamthilia. Ndani yake mna takwimu ambayo kila mwenye simu na bando anastahili kuijua. Mtazamaji wa kawaida, waliandika, hupoteza hamu baada ya sekunde 60 hadi 90 hivi za kutafuta cha kutazama. Kufikia hapo ameshapitia majina kati ya 10 na 20, na pengine ni matatu tu aliyoyaangalia kwa makini. Asipopata kitu, hatari ya kuiacha huduma na kwenda zake inapanda sana.

Kwa hiyo ule uzito unaomshika mtu saa tatu usiku, amekaa na rimoti mkononi, anapandisha na kushusha orodha isiyokwisha mpaka hamu yenyewe inamtoka, si uvivu wala udhaifu wake peke yake. Wanaotengeneza huduma hizi wanaujua, wameupima kwa sekunde, na wamejenga mitambo ya kuukabili. Makala hiyohiyo ilieleza kwamba takriban asilimia 80 ya saa zilizotazamwa kwenye huduma yao zilitokana na mapendekezo ya mitambo, na sehemu iliyobaki ndiyo iliyotokana na mtu kutafuta mwenyewe. Saa nne katika kila tano, kilichotazamwa kiliwekwa mbele ya macho ya mtu na programu.

Kwetu wingi huu umekuja kwa kasi kubwa. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi mwaka 1994. Mtu aliyezaliwa kabla ya hapo amepita, katika nusu ya umri wake, kutoka kukosa kabisa kituo cha televisheni hadi king'amuzi chenye chaneli nyingi, YouTube, Netflix kwa wanaolipia, makundi ya Telegram yanayogawa misimu mizima ya tamthilia za Kikorea na Kituruki, na flashi iliyojazwa muvi kwenye kibanda cha jirani. Akili yake ni ileile, na usiku una saa zilezile.

Kampuni ya utafiti ya Nielsen iliripoti mwaka 2023 kwamba watazamaji wa Marekani walitumia wastani wa dakika 10.5 kila wanapokaa kutafuta cha kutazama. Kwa anayetazama kila siku, hizo ni karibu saa 64 kwa mwaka, na katika saa hizo hajaona filamu yoyote.

Je, wingi wenyewe ndio unaotuchosha? Hapa sayansi ina historia ya kuvutia, na inafaa isimuliwe yote, maana mara nyingi husimuliwa nusu. Mwaka 2000 wanasaikolojia Sheena Iyengar na Mark Lepper walichapisha majaribio ambayo yamenukuliwa mno tangu wakati huo. Katika duka moja la vyakula huko Menlo Park, California, waliweka meza ya kuonjesha jemu. Kuna saa meza ilikuwa na aina 24, na kuna saa ilikuwa na aina 6. Meza yenye aina 24 iliwavuta watu zaidi: asilimia 60 ya wapita njia walisimama, dhidi ya asilimia 40 kwenye meza ndogo. Lakini walipofika kwenye kununua, mambo yaligeuka. Kati ya waliosimama kwenye meza kubwa ni asilimia 3 tu walionunua, na kwenye meza ndogo walinunua asilimia 30.

Wengi wanaosimulia kisa hicho huishia hapo. Mwaka 2010 Benjamin Scheibehenne na wenzake walikusanya majaribio 50 ya aina hiyo, wakayapima kwa pamoja, wakakuta kwamba kwa wastani wingi wa chaguo haukuwa na athari yoyote ya maana. Baadhi ya majaribio yalionyesha watu wanazidiwa, mengine yalionyesha wanafurahi zaidi kupata vingi. Miaka mitano baadaye Alexander Chernev na wenzake waliuliza swali lililo bora zaidi: ni lini wingi unaumiza? Majibu yao yalikuwa manne. Unaumiza pale vitu vinapokuwa vigumu kulinganisha, pale kazi ya kuchagua yenyewe inapokuwa ngumu, kwa mfano kwa kukosa muda, pale mtu anapokuwa hajui anachotaka, na pale lengo lake linapomlazimu afikie uamuzi kamili badala ya kuangalia tu.

Rudi sasa kwenye kioo cha usiku. Picha mia za filamu zimepangwa safu kwa safu, kila moja imetengenezwa ionekane ya lazima, na huwezi kuilinganisha tamthilia ya mahakamani ya Seoul na katuni ya watoto au makala ya wanyama wa Serengeti. Mtu amechoka na kazi na foleni, muda alionao ni mdogo, na hajui anataka nini. Alichotaka ni kupumzika tu, wala kupumzika si jina la filamu. Masharti ya Chernev yametimia karibu yote kwa mara moja. Ndiyo maana naamini tatizo letu haliko kwenye idadi ya filamu zilizopo duniani. Liko kwenye kuuacha uamuzi hadi saa ambayo mwili na akili haviwezi tena kuamua.

Kijana wa kibanda cha muvi alikuwa akiifanya kazi hii bila kusomea. Unafika, anakuuliza kama ile ya Kikorea uliimaliza, anakwambia hii mpya haina maana, chukua hii iliyotafsiriwa, mama watoto ataipenda. Alikuwa na mafaili maelfu kwenye kompyuta yake, lakini mteja aliondoka na mawili au matatu, tena aliyachukua mchana, akiwa macho.

Herbert Simon, mwanazuoni wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 1978, alikuwa ameshaeleza tangu miaka ya 1950 kwamba binadamu hana uwezo wa kupima kila kitu kabla ya kuamua, na kwamba mara nyingi tunafanya vizuri tukitafuta kinachotosha badala ya kilicho bora kuliko vyote. Mwanasaikolojia Barry Schwartz aliichukua hoja hiyo na kuwagawa watu kwa tabia: wapo wanaoridhika wanapopata kinachokidhi vigezo vyao, na wapo wanaotaka uhakika kwamba hakuna kizuri zaidi kilichoachwa. Mwaka 2006 Iyengar, Schwartz na Rachael Wells walichapisha utafiti kuhusu wahitimu wa vyuo waliokuwa wakitafuta kazi. Waliosaka kilicho bora kabisa walipata kazi zenye mishahara ya kuanzia iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 20. Hata hivyo hawakuziridhia kazi hizo kama wenzao walivyoziridhia zao. Kama mshahara mkubwa haukutosha kuituliza roho inayojiuliza juu ya kilichoachwa, sioni filamu ya saa moja na nusu itakavyoweza.

Kuchagua, hata hivyo, ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni kukoma.

Wakati kituo cha ITV cha hapa nchini kilipokuwa kikirusha tamthilia ya Isidingo ya Afrika Kusini, ukomo ulikuwa kazi ya kituo. Kipande kiliisha, na hata ungetaka vipi, kingine hukipati mpaka siku yake. Televisheni ya taifa, TBC, ilipoanza kurusha tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake, mwaka 2011, watu waliizungumza kazini na kwenye daladala kwa sababu wote walikuwa wamefika mahali pamoja katika hadithi. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake jijini Dar es Salaam Machi 2013. Mwezi mmoja kabla ya hotuba hiyo, Netflix ilikuwa imetoa sehemu zote 13 za msimu wa kwanza wa tamthilia ya House of Cards kwa siku moja. Tayari ilikuwa na utaratibu wa sehemu inayofuata kujianzisha yenyewe sekunde chache baada ya ile ya kwanza kwisha. Kwa mpangilio huo, kuendelea hakuhitaji uamuzi wowote. Kinachohitaji uamuzi ni kuacha, na uamuzi huo unaletwa kwa mtu aliyechoka, sekunde chache baada ya mwandishi wa hadithi kumwacha mhusika mkuu ukingoni.

Wengi hueleza mvuto huu kwa kutaja dopamini na kuiita kemikali ya raha. Maelezo hayo yamepitwa na wakati. Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan ametumia miongo kadhaa kuonyesha kwamba ubongo una mifumo miwili inayotofautiana: mmoja wa kutamani na mwingine wa kufurahia. Panya walioondolewa karibu dopamini yote hawakuwa na haja ya kukifuata chakula. Lakini walipowekewa sukari mdomoni, nyuso zao zilionyesha dalili zilezile za kuifurahia. Dopamini, kwa ushahidi huo, inahusika zaidi na msukumo wa kufuata kuliko raha ya kupata. Nikiyatumia matokeo hayo kwa binadamu aliye kwenye kochi, naona yanaeleza jambo ambalo wengi wamelipitia: unabonyeza sehemu ya sita kwa nguvu ileile uliyobonyezea ya kwanza, ilhali raha iliisha kwenye ya tatu.

Kwamba raha hupungua, si hisia tu. Jared Horvath na wenzake wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, waliwaonyesha wanafunzi 51 tamthilia ya kijasusi ya BBC yenye sehemu sita. Kundi moja liliitazama yote kwa mkao mmoja, la pili sehemu moja kwa siku, la tatu sehemu moja kwa wiki. Siku iliyofuata, waliotazama kwa mkupuo ndio waliokuwa na kumbukumbu nzuri zaidi. Siku 140 baadaye walikuwa wamesahau kwa kasi kubwa kuliko wenzao. Na walipoulizwa, hawa ndio walioifurahia kidogo kuliko wote. Matokeo hayo ya mwaka 2017 ni ya kundi dogo, lakini yanaelekea upande mmoja na utafiti wa Leif Nelson, Tom Meyvis na Jeff Galak wa mwaka 2009, waliokuta kwamba vipindi vya televisheni vilivyokatizwa na matangazo ya biashara vilifurahiwa zaidi na watazamaji kuliko vilevile visivyokatizwa. Watu wenyewe walikuwa wametabiri kinyume chake. Akili huzoea kizuri haraka sana, na kukatizwa huirudishia upya wake.

Gharama kubwa kuliko zote, kwa jinsi ninavyoupima ushahidi, ni usingizi. Mwaka 2017 Liese Exelmans na Jan Van den Bulck walichapisha utafiti uliohusisha vijana 423 wa Ubelgiji wenye umri wa miaka 18 hadi 25. Zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa na desturi ya kutazama sehemu nyingi mfululizo. Kadiri walivyofanya hivyo mara nyingi, ndivyo walivyoripoti usingizi wa mang'amung'amu, uchovu wa mchana na shida ya kupata usingizi. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kipi kimesababisha kipi, kwa kuwa asiyepata usingizi naye hukimbilia kioo. Lakini takwimu zao zilielekeza kwenye njia moja iliyo wazi: akili kuchangamka kabla ya kulala. Mwili uko kitandani, fikra bado ziko ndani ya hadithi, na ubongo unaendelea kukisia nani muuaji.

Je, mwanga wa kioo? Unahusika, ila si kwa kiwango kinachotangazwa na wauza miwani ya kuzuia mwanga wa buluu. Ni kweli kwamba nyuma ya jicho kuna seli zinazoitikia zaidi mwanga wa buluu na kuchelewesha homoni ya melatonini, inayouandaa mwili kulala. Lakini katika jaribio maarufu la Anne-Marie Chang na wenzake, lililochapishwa mwaka 2015, watu 12 waliosoma kwenye kifaa chenye mwanga kwa takriban saa nne kabla ya kulala walichelewa kusinzia kwa dakika 10 hivi kuliko walipokuwa wakisoma kitabu cha karatasi. Dakika 10 ni kidogo mbele ya tamthilia moja ya dakika 45, na ni kidogo mno mbele ya tatu. Ukipunguza mwanga wa simu halafu ukakesha hadi saa nane usiku, usingizi ulioupoteza ni uleule.

Mwaka 2017 Reed Hastings, aliyekuwa akiiongoza Netflix, alisema hadharani kwamba kampuni yake inashindana na usingizi. Kwetu ushindani huo umepewa msaada ambao haujazungumzwa vya kutosha: bando za usiku. Kampuni za simu huziuza kwa bei nafuu kuliko za mchana kwa sababu mitambo yao usiku haina msongamano, na baadhi ya bando hizo huanza kufanya kazi saa sita usiku. Kibiashara inaeleweka. Kiafya, maana yake ni kwamba mwenye kipato kidogo anauziwa burudani kwa bei anayoimudu katika saa ambazo mwili wake ulipaswa kulala, na mwenye intaneti ya nyumbani anaweza kutazama saa moja jioni. Nataka wanaosimamia mawasiliano na wanaosimamia afya walione jambo hili kwa pamoja.

Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani wanapendekeza mtu mzima alale angalau saa saba. Kupungukiwa na usingizi kuna hesabu inayotisha: Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, utendaji wake hushuka sawa na wa mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu. Dereva wa bodaboda aliyeamka saa kumi na moja alfajiri hufikia saa hizo saa nne usiku. Akiendelea na tamthilia hadi saa saba, kisha akaamka tena saa kumi na moja, anambeba abiria akiwa amelala saa nne.

Haya hayamaanishi kwamba kutazama sana ni ugonjwa. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, inautambua uraibu wa michezo ya kompyuta, lakini kutazama tamthilia mfululizo hakumo. Mtu asijiite mraibu kwa sababu ya wikiendi moja ya tamthilia.

Basi afanyeje aliyezidiwa? Kama uamuzi wa usiku ndio unaochosha, uhamishe. Mchana, wakati wa chai au ukiwa kwenye daladala, andika majina matatu ya vitu unavyotaka kweli kuvitazama wiki hii, kwa kusikia kutoka kwa mtu unayeiamini ladha yake. Usiku chagua kimoja katika hivyo vitatu, na cha nne usikitafute. Unayelipia huduma mbili au tatu, bakiza moja kwa mwezi huu na nyingine uirudie mwezi ujao, maana nyingi hulipiwa mwezi kwa mwezi na hazifungi mkataba. Mwenye kutegemea bando la usiku alitumie kupakua: aweke simu ipakue, alale, atazame kesho jioni.

Kuhusu kukoma, hatua yenye nguvu kuliko zote ni kuzima ule utaratibu wa sehemu inayofuata kujianzisha. Netflix na YouTube zote zina sehemu ya kuuzima kwenye mipangilio, na tangu mwaka 2020 Netflix inaruhusu pia kuzima vionjo vinavyojicheza vyenyewe unapopitia orodha. Wapo watazamaji wazoefu wanaosimama katikati ya sehemu badala ya mwisho wake. Hii si kanuni ya maabara, lakini ina mantiki, kwa kuwa waandishi huweka fundo mwishoni na katikati hadithi hutulia. Kwenye nyumba yenye watoto wadogo ukomo unapaswa kuwa mkali zaidi: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja ya kukaa mbele ya kioo kwa siku, na aliye chini ya miaka miwili asiwekewe kabisa.

Anayehofia kwamba kupunguza kutamnyima raha atazame kazi ya Jordi Quoidbach na Elizabeth Dunn ya mwaka 2013. Waliwaonjesha watu chokoleti, kisha wakawagawa: baadhi waliambiwa wasiile kabisa kwa wiki moja, wengine wakapewa nyingi wale watakavyo, na wengine hawakupewa agizo lolote. Waliporudi na kuonja tena, waliojinyima ndio walioifurahia zaidi.

Kuna watu ambao ushauri huu hautawatosha. Anayetazama usiku kucha kwa sababu akizima kioo huzuni au hofu inamjia, au aliyepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda kwa wiki kadhaa, anahitaji kumwona mtaalamu wa afya ya akili. Na aliyezima simu mapema kila siku lakini bado halali, asikimbilie vidonge vya duka la dawa. Tangu mwaka 2016 chuo cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kinapendekeza kwamba tiba ya kwanza ya kukosa usingizi kwa muda mrefu iwe ya kisaikolojia, ile inayobadilisha mazoea na fikra za mtu kuhusu kulala. Hutolewa kwa vikao kadhaa, na mwanasaikolojia au daktari aliyejifunza namna yake anaweza kuiendesha hata kwenye kliniki ya kawaida.